Kidole Gumba cha Saa Kumi

Kiwanda kile cha chuma kilipozimwa, hakuna aliyekiaga. Mashine za kuvuta nondo zilinyamaza mchana mmoja, wafanyakazi wakapandishwa mabasi, na lango likafungwa kwa mnyororo huku vikombe vya chai vikiwa bado juu ya meza. Vitu vikubwa aghalabu hufa hivyo, bila matanga. Kilichobaki kando ya barabara ya malori huko Jebel Ali, Uarabuni, ni kumbi ndefu za mabati yenye kutu, tanuri lililopoa, matangi ya maji yaliyoota ukoga, na walinzi wawili wa kuhakikisha kwamba nyaya za shaba haziondoki bila ruhusa.

Mlinzi mmoja aliitwa Jotham, mzaliwa wa Vihiga nchini Kenya, mtu wa makamo, mrefu, ambaye magoti yake yalikuwa yamechoka kabla ya mwenyewe. Mwenzake alikuwa Lukman, Mganda wa Masaka, mfupi na mpole, aliyemzidi Jotham umri kwa miaka ya kutosha kuamkiwa. Jotham alimwita Haji kwa heshima, ijapokuwa Lukman hakuwa amekanyaga Makka. "Makka iko karibu na hapa, ssebo," Lukman alipenda kusema, akimwita 'bwana' kwa Kiganda, "ruhusa ya kazini ndiyo iko mbali." Waliishi chumba kimoja mtaa wa Al Quoz, mmoja kitanda cha juu na mwingine cha chini, na kila alfajiri basi la kampuni liliwazoa na kuwamwaga langoni wakiwa na usingizi machoni.

Mwanzoni Jotham alikipenda kiwanda kile. Watu watacheka, lakini ndivyo ilivyokuwa. Zamu ilipotulia aliingia ndani na simu yake, akapiga picha za kofia ngumu zilizoning'inia kwenye misumari, za kalenda iliyogoma kwenye mwezi mmoja, za viatu vya mtu vilivyowekwa pamoja kando ya ngazi kana kwamba mwenyewe ameingia msikitini. Alipanda hadi jukwaa la juu la tanuri akapiga picha ya nuru ikishuka kutoka kwenye matundu ya paa, vumbi likielea ndani yake. Jioni, chumbani, alimwonyesha Lukman. Lukman alizitazama moja moja bila haraka, kisha akasema, "Hawa watu walifanya kazi." Jotham alikuwa na jicho la picha, na alijua kwamba analo.

Hayo yalikuwa ya miezi ya baridi. Joto lilipoingia, hamu yote ilimtoka. Mabati yalikunywa jua tangu asubuhi, na kufikia adhuhuri vyuma vya kushikia ngazini vilichoma kiganja. Hewa ndani ya zile kumbi ilisimama tuli, nzito, yenye ladha ya kutu. Na ndani ya hewa hiyo walinzi walitakiwa kuzunguka. Kila saa mmoja wao alipaswa kupita sehemu tano, kuanzia ukumbi wa nondo hadi kwenye matangi ya maji, kila sehemu ajipige picha akiwa ameinua kidole gumba, kisha azitume papo hapo kwenye kundi lao la WhatsApp. Huko msimamizi wao, Bwana Bassam, aliziangalia juu juu, kwa kuwa alikuwa na maeneo mengine chungu nzima ya kusimamia. Wajenzi wa kiwanja cha jirani walipumzishwa wakati wa jua la utosi. Mzunguko wa walinzi ulihesabiwa kuwa kazi ya kivulini, kwa sababu kiwanda kina paa. Aliyeamua hivyo hakuwahi kusimama chini ya paa lile.

Uchovu una ujanja wake, nao haukosi kumnong'oneza mtu. Jotham alibuni jambo aliloliita kupika raundi. Ijumaa mapema, kabla jua halijapata nguvu, waliingia wote wawili wakapiga picha za juma zima kwa mkupuo mmoja. Jotham ndiye aliyekuwa fundi. Aliyakwepa madirisha ili vivuli visiseme ni saa ngapi. Alimvua Lukman kofia, akamvika, akamkunja mikono ya shati, akamkunjua. Kwa picha za alasiri walimwagiana maji kwenye paji la uso na mgongoni, kila mmoja akimlowesha mwenzake hadi afanane na mtu aliyetoka tanuri likiwa na moto. Jukwaa la juu hawakulipanda tena. Walisimama mlangoni mwa ukumbi wa tanuri, wakapiga picha, wakaondoka.

"Hii ni amana, Jotham," Lukman alisema siku ya kwanza, maji yakimchuruzika kidevuni.

"Amana ya nini, Haji? Ya kutu? Kutu haiibiwi, bwana."

"Na sisi je?"

"Sisi tutakuwa kabini pale langoni, kwenye AC, tuko hai. Wewe unataka ufie humu ndio Bassam ajue ulikuwa mwaminifu?"

Lukman hakuwa mtu wa kubishana. Aliinua kidole gumba shingo upande, na Jotham akabofya.

Tena Jotham alikuwa na sababu yake kubwa. Bassam alikuwa amemwahidi kwamba akimaliza joto lile bila doa, atahamishiwa kwenye duka kubwa la mjini, asimame kwenye ukumbi wa marumaru wenye ubaridi, aelekeze watu vyoo viko wapi. Jotham alikwisha kumwambia mkewe, Roselyne, naye Roselyne alikwisha kuwaambia watu wa kanisani. Kazi hiyo aliiwaza akilala na akiamka. Kila saa ilipotimia alichagua picha tano kwenye simu, akazituma, na Bassam akajibu kwa alama ya kidole gumba. Duka likasogea karibu kidogo.

Jambo moja tu lilimtatiza. Lukman alipoaga kwamba anaenda kuswali ndani ya kontena lililokuwa nyuma ya kabini, alikawia kurudi, na aliporudi shati lilikuwa limemganda mwilini. Jotham alidhani mzee anajiibia usingizi humo kwenye joto. Hakumwonea gere wala hakumuuliza.

Siku yenyewe ilikuwa ya ukungu wa vumbi, jua limefifia lakini joto liko pale pale. Baada ya chakula Lukman aliinuka, akachukua chupa yake ya maji, akasema, "Naenda kuswali." Jotham aliitikia bila kuinua macho. Saa tisa ilipofika ilikuwa zamu ya Lukman kuzunguka, kwa hiyo Jotham akachagua picha tano za Lukman na kuzituma kwa simu ya ofisi waliyoitumia pamoja. Ya mwisho ilimwonyesha mzee kando ya matangi, paji linang'aa kwa maji, kidole gumba juu. Bassam akajibu kama kawaida.

Muda ukapita. Jotham akanywa chai, akaosha kikombe, akachungulia nje. Lukman hakuonekana. Alitoka akaenda kwenye kontena, akagonga, akafungua. Mkeka ulikuwa umekunjwa vizuri. Hapakuwa na mtu, na sakafuni hapakuwa na dalili kwamba mtu yeyote amewahi kulala humo.

Alimpigia simu. Iliita mpaka ikachoka.

Wasiwasi ukamwingia. Alikimbilia ukumbi wa nondo, na hatua chache baada ya kuvuka mlango alisimama ghafla. Katikati ya vumbi la sakafu palikuwa na njia nyembamba, iliyokanyagwa kwenda tu, wala si kurudi, kwa kiatu kidogo kile kile. Alama mpya zilikuwa juu ya alama za zamani. Kiatu kilikuwa cha Lukman. Hapo Jotham akaelewa, na alichokielewa kilimuuma. Mzee alikuwa akiswali, kisha anauzunguka mzunguko wote kila zamu yake, peke yake, bila picha na bila kumsuta mtu. Alikuwa hawezi kuula mshahara ambao hakuutolea jasho.

Njia ile ilikwenda hadi mlango wa nyuma, ikafika kwenye ua wa saruji uliofagiliwa na upepo, ikapotea. Kutoka hapo mtu angeweza kwenda popote.

"Haji!" Jotham aliita. "Haji Lukman!" Sauti yake ilizunguka kwenye mabati ikamrudia. Aliingia chumba cha umeme, hakuna mtu. Alifika ukumbi wa tanuri, akakuta ngazi aliyoijua imeng'oka ukutani na kulala chini, nayo ilionekana imelala hapo siku nyingi. Hakujua iliporomoka lini, wala kama kuna njia nyingine ya kupanda. Aliita tena, akasikiliza. Masikio yalikuwa yanavuma kwa joto na kiu, hakusikia kitu. Akarudi kabini akipepesuka, akajimwagia maji kichwani.

Simu ya ofisi ilikuwa inawaka. Bassam aliandika: *Saa kumi hii. Raundi iko wapi? Yalla, haraka.*

Jotham aliitazama ile simu. Akipiga kusema ukweli, swali la kwanza litakuwa ni kuhusu picha za saa tisa, na la pili litakuwa ni la kibali chake cha kazi. Asipotuma kitu, Bassam atakuja mwenyewe. Akituma, atapata nafasi ya kumtafuta mzee kimyakimya. Labda amezirai tu mahali fulani. Atampepea, atampa maji, jioni watacheka. Ndivyo alivyojiambia, na alikuwa amechoka mno kujibishana na nafsi yake. Alichagua picha tano za kwake mwenyewe. Katika ile ya mwisho alikuwa amesimama kando ya matangi, kofia imeinamia upande, uso umelowa, anatabasamu, kidole gumba juu. Akazituma.

Bassam akajibu kwa kidole gumba.

Jotham alirudi ndani. Alizunguka kumbi mbili, akatoka, akaingia tena alikokwishatoka, kama kuku aliyepoteza banda. Kando ya matangi alitapika chai yote. Alipoinua kichwa, jua lilikuwa limeanza kuinama, na hofu yake ilikuwa imekua kubwa kuliko duka la marumaru. Akampigia Bassam.

"Sir, Lukman haonekani."

"Haonekani vipi? Nimemwona saa tisa."

"Haonekani, sir. Tafadhali njoo na watu."

Bassam alifika na gari la waokoaji likimfuata. Alikuwa mtu mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, na hakupiga kelele. Kiongozi wa waokoaji, mwanamume mnene mwenye sharubu zilizoanza mvi, aliuliza swali moja tu. "Alionekana mara ya mwisho wapi?"

Bassam alitoa simu. "Hapa. Matangi ya maji. Hii ndiyo picha yake ya mwisho, na baada ya hapo hakuna anayejua aliko."

Kiongozi aliiangalia picha ile kwa makini, akamwangalia Lukman aliyeinua kidole gumba, akatikisa kichwa kwa huruma. "Yalla, matangini." Watu wote wakakimbilia upande huo na ngazi, kamba na miti mirefu yenye ndoana. Maji yalikuwa ya kijani, mazito, hayaonyeshi kitu hata kidole kikizamishwa. Walichokoa tangi la kwanza, wakachokoa la pili. Ukoga ulipasuka na kufunga tena.

Jotham alisimama nyuma yao. Alijua kwamba picha ile haikuthibitisha kuwa Lukman yumo mle. Picha ile ilipigwa Ijumaa asubuhi, mzee akiwa na maji ya chupa usoni. Maneno yalikuwa mdomoni, tayari. Lakini nyuma ya maneno hayo aliuona ukumbi wa marumaru, akamwona Roselyne akieleza watu kanisani, akaiona tiketi ya kurudi Nairobi. Mwokoaji mmoja alitumbukiza ndoana tena, ikanasa, wakavuta kwa pamoja, ikatoka na gurudumu la toroli.

Kiongozi akavua glavu. "Tuite wapiga mbizi," alimwambia Bassam kwa sauti ya chini. "Kama yuko humu, ndugu yangu, hatuna tena sababu ya kukimbia." Watu wake wakaweka miti chini. Mmoja akaketi.

Kuwaona wakiketi ndiko kulikomvunja Jotham. "Huenda hayuko humo," alisema.

Bassam akageuka. "Umejuaje?"

"Picha si ya leo. Si ya leo, sir. Zote. Tunazipiga Ijumaa, halafu tunazituma kidogo kidogo."

Uso wa Bassam ulikuwa kama wa mtu aliyeambiwa kwamba nyumba aliyojenga haina msingi. "Basi yuko wapi?" aliuliza.

"Sijui."

"Mnalinda hapa mwaka mzima na hujui?"

"Sijui, sir," Jotham alisema, na machozi yakamtoka mbele za watu. "Yeye ndiye anayezunguka. Mimi sizunguki."

Kiongozi wa waokoaji hakungoja toba iishe. Aliwagawa watu wake, kila ukumbi wawili, akawaagiza wapige vyuma kisha wasikilize. Kiwanda ambacho kilikuwa kimenyamaza tangu kifungwe kikaanza tena kugongwa. Waligonga, wakanyamaza, wakagonga. Kutoka ukumbi wa tanuri likaja jibu dogo, jiwe juu ya bomba, dhaifu, lenye kusitasita.

Lukman alikuwa amepanda jukwaani kwa ngazi ya mafundi iliyokuwa upande wa pili, ile ambayo Jotham hakuijua. Bati la sakafu lililoliwa na kutu lilikatika, akaanguka kwenye shimo lililo chini ya tanuri, na boriti ikamfuata ikamlalia mguu. Walimtoa giza likianza kuingia. Midomo ilikuwa imepasuka, macho yamefumba, lakini alikuwa anapumua. Jotham alijaribu kushika mkono wake alipopita kwenye machela, mwokoaji akamsogeza kando.

Mguu haukupona. Daktari aliukata chini ya goti, akaeleza kwamba damu ilikuwa imezuiwa kwa muda mrefu mno, na kwamba angeletwa mapema kidogo tu yangekuwa mengine. Jotham hakungoja kuambiwa lake. Alikabidhi sare, redio na kitambulisho, akapewa tiketi. Bassam alimpa mkono alipoondoka, mkono mlegevu wa mtu ambaye naye anangoja kuitwa na wakubwa wake.

Siku ya safari alipita hospitalini. Alimkuta Lukman ameegemea mto, shuka limelala tambarare pale ambapo mguu ungekuwepo. Walisalimiana. Jotham alilia, akaomba msamaha, na Lukman akamwacha alie.

"Simu ilianguka mbali nami," mzee alisema baadaye, sauti yake kavu. "Niliisikia ikilia. Nikasema, huyo ni Jotham, ananitafuta. Nilifurahi, wallahi. Halafu nikakumbuka picha. Nililala pale chini, mguu unawaka moto, nikijua kwamba kwa watu wote mimi niko kwenye matangi, mzima, nimeinua kidole. Hilo lilinichosha kuliko boriti."

"Nisamehe, Haji. Ni mimi niliyekuingiza."

"Hapana. Hizo za saa tisa tulizipika pamoja. Hata mimi nilisimama nikapigwa. Hizo siwezi kukudai." Akamtazama Jotham kwa macho ambayo hayakuwa na hasira, yalikuwa yamechoka tu. "Lakini niambie, ssebo. Za saa kumi ulizituma? Ukijua sipo?"

Jotham aliona nafasi ndogo ya kutoka na kitu, hata kama ni urafiki wa mtu mmoja. Mzee alikuwa shimoni wakati huo, angejuaje? Tena hapakuwa na faida ya kumwongezea maumivu.

"Hapana, Haji," alijibu. "Saa kumi nilikuwa ndani nakutafuta. Sikushika simu kabisa."

Lukman aliingiza mkono chini ya mto, akatoa simu yake ambayo waokoaji walimwokotea, kioo kimepasuka pembeni. Alifungua kundi la kazini, ambalo yeye pia alikuwa ndani yake tangu siku ya kwanza, akaielekeza simu kwa mgeni wake. Jotham akajiona amesimama kando ya matangi, kofia imeinamia upande, uso umelowa, anatabasamu, kidole gumba juu, na chini yake saa kumi.

"Maji hayo ya usoni," Lukman alisema taratibu, "mimi ndiye niliyekumwagia."

Akageuzia uso wake ukutani. Jotham alisimama pale na mfuko wake wa safari, akatafuta neno lingine la kusogea nalo mbele, asilipate, kwa maana njia ya mwongo ni fupi.